Fizikia ya spana ya kutuni piano: mkono unafanya kimoja, pini inafanya vitatu

Spana_Nyeusi

Wakuu, salaam.

Kila mara mtu akilalamika kwamba piano aliyoituni jana leo imeteleza, yaani sauti zimehama, majibu yanakuwa yaleyale: pini zimelegea, hali ya hewa, piano imezeeka. Yote yanawezekana. Ila mara nyingi pini ni nzima na hewa haina hatia. Tatizo ni kwamba aliyeshika spana alisikia sauti sahihi kwa sekunde mbili, akaondoa spana, na sauti ile ikaondoka nayo. Nataka tuelewane kwa nini hilo linatokea, kwa hesabu, maana ushauri wa "tumia hisia za mkono" haumsaidii anayeanza.

Tuanze na pini yenyewe, ile inayozungushwa kwa spana ili kukaza au kulegeza waya. Ni chuma cha kipenyo cha milimita 7 hivi, urefu sentimita 6 na ushei. Imepigwa ndani ya ubao wa pini, ule ubao mgumu wa matabaka uliojificha nyuma ya fremu ya chuma. Tundu limetobolewa dogo kidogo kuliko pini, basi. Hakuna nati, hakuna gia, hakuna kifungio. Piano ina nyaya zaidi ya 200, mkazo wa zote kwa pamoja unafika tani 18 hadi 20, na kinachozuia kila pini isijifungue ni msuguano wa chuma na mbao.

Sasa tuchukue noti moja, La ya kati, hezi 440. Tuseme sehemu ya waya inayolia ina urefu wa sentimita 40 na waya una unene wa milimita 1. Mkazo ni mara nne ya urefu kipeo cha pili, mara hezi kipeo cha pili, mara uzito wa waya kwa mita. Ukipiga hesabu unapata karibu nyutoni 760, yaani kama kilo 78 zinaning'inia kwenye waya mmoja. Waya umezungushwa kwenye pini, na kutoka katikati ya pini hadi katikati ya waya ni milimita 4. Nyutoni 760 mara milimita 4 ni momenti ya nyutoni-mita 3. Hiyo ndiyo nguvu ya waya ya kutaka kuizungusha pini irudi nyuma.

Msuguano wa pini nzima kwenye ubao mzuri ni mkubwa kuliko hapo. Tuseme nyutoni-mita 9. Waya hauwezi kuishinda pini, ndiyo maana piano inakaa.

Lakini angalia kinachompata fundi. Akitaka kupandisha, anapambana na msuguano na waya kwa pamoja: 9 jumlisha 3, nyutoni-mita 12. Akitaka kushusha, waya unamsaidia: 9 toa 3, nyutoni-mita 6. Kwa mpini wa sentimita 33 hiyo ni nyutoni 36 kupanda na 18 kushuka. Nusu kabisa. Anayetumia mkono uleule kwa uzito uleule pande zote mbili atashusha kupita kiasi kila mara, halafu atasema pini "inaruka".

Naendelea hapo chini, msinikatishe kwanza.

Spana_Nyeusi

Sehemu ya pili, na hii ndiyo roho ya uzi.

Tunasema "kuzungusha pini" kana kwamba pini ni kitu kigumu kinachozunguka chote kwa wakati mmoja. Haizunguki hivyo. Ukivuta mpini, pini inafanya mambo matatu: inajisokota, inapinda, na mwisho kabisa inazunguka. Yote matatu yanabadilisha sauti. Linalobaki baada ya kuondoa spana ni la mwisho tu.

Kujisokota kwanza. Spana imeshika kichwa cha pini, mguu umebanwa na mbao. Ni kama kukamua nguo iliyoshikwa upande mmoja: juu kunageuka, chini kumetulia. Nimepiga hesabu kwa chuma cha pua cha milimita 7.1 na momenti ile ya 12. Pale waya ulipojizungusha, pini inajisokota karibu digrii moja kabla mguu haujasogea. Kichwani ni zaidi kidogo, kiasi kwamba ncha ya mpini imeshatembea milimita 7 au 8, na ndani ya ubao hakuna kilichotokea.

Digrii moja ni nini kwa sikio? Kwa waya huu, ambao kutoka pini hadi unapofungwa ni kama sentimita 55, digrii moja ya pini ni senti 20 na kidogo. (Senti ni sehemu moja kwa mia ya nusu-toni.) Kwa hiyo unaweza kusikia sauti ikipanda senti 20 nzima, ukafurahi, na mguu wa pini uko palepale ulipoukuta. Ukiachia, chuma kinajirudisha na senti zako zinarudi.

Sasa geuza hesabu. Senti moja ni kiasi gani cha mwendo? Ni robo milimita kwenye ncha ya mpini. Kwenye waya wenyewe ni mikroni 3. Na tunataka nyaya tatu za noti moja zikae ndani ya chini ya senti moja, kwa sababu kwa La hii senti moja ni robo ya hezi, yaani wimbi moja la "waaa" kila sekunde nne, na sikio lililozoea linalisikia vizuri sana.

Umeona ugomvi ulipo: kazi ni ya robo milimita, chombo kinacheza milimita nane.

kinanda_bubu

Mkuu mimi nilidhani mchezo huo ni wa spana mbovu. Nimebadilisha kichwa cha spana mara kadhaa kumbe pini ndiyo inayojisokota?

Spana_Nyeusi

@kinanda_bubu Vyote viwili vinaweza kuwepo. Kichwa cha spana kina tundu la nyota la pembe nane, limechongwa kwa mteremko ili likae kwenye kichwa cha mraba cha pini. Kama halishuki vizuri au limelika, utasikia mpini unacheza bila ukinzani wowote, halafu unakamata ghafla. Huo ni mchezo wa spana. Wa pini unaanza na ukinzani tangu mwanzo, sauti inapanda pamoja na mkono, na ukilegeza unarudi taratibu. Funga macho uvute kidogo kidogo, tofauti utaijua.

Bi_Noti

Fundi naomba ufafanue kuhusu kupinda. Nilifundishwa kuweka mpini "saa kumi na mbili" kwenye piano ya kusimama, yaani uelekee juu kabisa. Sikuambiwa sababu. Na kwenye piano ya kulala nikiweka mpini kulia kwangu napata matokeo kinyume na ya piano ya kusimama. Nikivuta kupandisha na kuachia, moja inapanda zaidi, nyingine inashuka. Mkono ni uleule!

Spana_Nyeusi

Dada, swali lako limebeba nusu ya uzi.

Spana ni wenzo wa upande mmoja. Mkono unasukuma ncha ya mpini kwa nyutoni 36, na hakuna mkono wa pili unaosukuma upande wa pili ili kusawazisha. Kwa hiyo pini haipati momenti peke yake, inapata pia msukumo mtupu wa nyutoni 36 kwenda upande mmoja. Na msukumo huo hauko usawa wa ubao, uko juu kwa kimo cha kichwa cha spana, tuseme sentimita 8. Pini inapinda kama mlingoti.

Inapinda kiasi gani pale kwenye waya? Hata ukidhani mbao hazibonyei hata chembe, unapata mikroni 5 na nusu. Jicho haliwezi kuziona. Lakini tumeshasema mikroni 3 ni senti moja. Kwa hiyo kupinda tu kunaweza kukupa karibu senti 2 za uongo, na mbao zikibonyea ni zaidi.

Sasa mwelekeo. Msukumo wa mkono daima unakata mpini kwa pembe mraba. Kwenye piano ya kusimama waya unashuka kutoka kwenye pini. Mpini ukielekea juu, mkono unasukuma kulia au kushoto, pini inapinda kulia au kushoto, na waya unaoenda chini hauhisi karibu chochote. Hiyo ndiyo sababu ya saa kumi na mbili. Kupinda kupo, ila kumeelekezwa mahali ambapo hakudhuru sauti.

Ukilaza mpini kulia kwenye piano hiyohiyo, kupandisha ni kusukuma chini, yaani kuelekea upande wa waya. Pini inainama kumfuata waya, waya unalegea kidogo, unasikia sauti ya chini kuliko ilivyo kweli. Ukiachia, pini inanyooka na sauti inapanda.

Kwenye piano ya kulala, waya unaondoka mbele yako kwenda mbali. Mpini ukiwa kulia, kupandisha ni kuvuta kuja kwako, yaani kinyume na waya. Pini inainama kwako, waya unakazwa, unasikia sauti ya juu kuliko kweli. Ukiachia inashuka. Ndiyo maana umeona kinyume. Mkono ni uleule lakini waya umehama upande.

Kwenye piano ya kulala, basi, mpini unaofuata mstari wa waya, ukielekea mbele au ukiwa umeinama kidogo tu, ndio unaokudanganya kidogo zaidi. Kiuno kitalalamika, najua.

Mzee_wa_Nyaya

Nimefanya kazi hii tangu vijana wengi humu hamjazaliwa na sijawahi kupiga hesabu ya mikroni. Pini unaisikia. Mwalimu wangu alikuwa anasema mguu wa pini "unakohoa" ukisogea, unausikia mkononi. Hayo mengine ni maneno.

Spana_Nyeusi

Shikamoo Mzee wangu. Sipingi hata kidogo. Hiyo "kukohoa" ndiyo msuguano tuli unaoachia kuwa msuguano wa mwendo. Msuguano tuli ni mkubwa zaidi, kwa hiyo pini inagoma, inagoma, halafu inachomoka kwa mruko mdogo. Mkono wako unahisi mruko huo na kuutenganisha na kujisokota. Mimi naeleza kwa nini mwalimu wako alikuwa sahihi.

Na hapo kuna jambo la mpini unaopindika. Mpini dhaifu unahifadhi nguvu kama upinde wakati pini inagoma. Pini ikiachia, upinde ule unajifyatua na kuisukuma kupita ulipotaka. Mpini mgumu haukopeshi nguvu kiasi hicho, mruko unakuwa mdogo na kukohoa kunasikika wazi. Ndiyo maana siku hizi watu wanapenda mipini ya nyuzi za kaboni: ni migumu na ni miepesi.

Wepesi nao si anasa. Chukua spana ya gramu 400, uzito wake ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye pini, uilaze kulia kwenye piano ya kusimama halafu uachie mkono. Uzito wa spana peke yake unaipa pini momenti ya karibu nyutoni-mita 0.6, na hiyo inatosha kuisokota kwa senti moja hivi. Hujagusa! Unasikiliza, unasema safi, unaondoa spana, senti moja imeondoka. Ukiielekeza juu, uzito unapita kwenye mstari wa pini na tatizo halipo.

nyutoni_mdogo

Swali la kifizikia: mpini mrefu zaidi si unaharibu? Maana wenzo mrefu una nguvu zaidi.

Spana_Nyeusi

Kinyume chake. Momenti inayohitajika ni ileile, 12, pini haijui mpini una urefu gani. Ukiwa na mpini wa sentimita 40 badala ya 33, mkono unasukuma nyutoni 30 badala ya 36. Msukumo unaoipinda pini umepungua. Na senti moja inakuwa mwendo mrefu zaidi kwenye ncha, kwa hiyo ni rahisi kuidhibiti. Kinachoharibu ni mpini mrefu uliolegea, au kichwa kirefu kinachopandisha mkono mbali na ubao. Kimo cha kichwa kikitoka sentimita 8 hadi 12, kupinda kunaongezeka kwa nusu.

Kama ungetaka momenti safi isiyopinda kabisa, tumia spana ya umbo la T kwa mikono miwili. Inafaa sana kufungia nyaya mpya. Kwa kutuni haifai, kila upande ni mfupi na mkono unalazimika kukaza mno, udhibiti wa robo milimita haupo. Na nani atakubonyezea kinanda?

fundi_kugonga

Watu mnateseka bure. Tumieni spana ya kugonga. Kichwa kina nafasi, unarusha mpini, unagonga, pini inasogea kidogo. Hakuna kujisokota wala nini.

Spana_Nyeusi

Kujisokota kupo mkuu, ila kwa muda mfupi sana. Na kwangu faida kubwa ya spana ya kugonga iko kwingine: kati ya kipigo na kipigo mpini hauvuti pini. Unachosikia ndicho kilichopo. Kwenye piano ya kusimama yenye pini ngumu siibishii hata kidogo. Kwenye pini laini kipigo kimoja kinakuvusha mto, na hapo unarudi kwenye spana ya kawaida.

Bi_Noti

Nimeelewa pini. Lakini kuna nyakati nina uhakika mguu umesogea na sauti haijabadilika. Naongeza kidogo, ghafla inaruka juu.

Spana_Nyeusi

Huo ni msuguano wa pili, na watu wanausahau kwa sababu hauko kwenye pini.

Waya ukitoka kwenye pini hauendi moja kwa moja kwenye sehemu inayotoa sauti. Unapita juu ya kitambaa, chini ya chuma cha kubana au ndani ya kijitundu cha shaba, ndipo unaingia sehemu inayolia. Kila unapopinda kuna msuguano. Kanuni yake ni ileile ya kamba iliyozungushwa kwenye nguzo: tofauti ya mkazo inategemea pembe na mgawo wa msuguano. Ukiweka mgawo wa 0.2 na pembe ya digrii 15 tu, kipande cha juu kinaweza kuwa na mkazo tofauti na kipande kinacholia kwa hadi asilimia 5 kabla waya haujateleza. Asilimia 5 ya mkazo ni zaidi ya senti 40.

Kwa hiyo unapovuta, kipande kifupi kilicho karibu na pini kinakaza peke yake. Kinacholia hakina habari. Kikifika ukingoni, waya unateleza na sauti inaruka. Ukiondoka wakati huo, vipande viwili vina mkazo tofauti, na kila mpigaji atakayepiga kwa nguvu atautikisa waya utelezeteleze hadi visawazike. Hapo ndipo piano inapoteleza usiku.

Dawa yake mnaijua, ni kupiga noti kwa nguvu wakati wa kutuni. Si kwa hasira, ila kwa nguvu kuliko mpigaji yeyote atakayekuja. Kipigo kikali kinaongeza mkazo kwa kitambo na kuulazimisha waya uteleze sasa, ukiwa upo, badala ya kesho.

Halafu fanya jaribio hili kabla ya kuhama pini. Sukuma mpini kidogo sana kwenda juu, kisha kidogo sana kwenda chini, bila kuusogeza mguu. Sauti ikipanda na kushuka kwa kiasi sawa na kurudi katikati, umekaa pazuri. Ikishuka upesi lakini ikigoma kupanda, kipande cha juu kimelegea kuliko kinacholia, na kipigo kikali kitakushusha. Ikipanda upesi na kugoma kushuka, ni kinyume. Vidole viwili vinatosha. Ukiutikisa mpini huku na huko kwa mkono mzima unapanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi.

kinanda_bubu

Kwa hiyo mtu apandishe kupita kidogo halafu ashuke, au afike kutoka chini na kuishia hapo?

Spana_Nyeusi

Mimi napita kwa senti chache na kurudi. Ukifika kutoka chini na kuachia, pini imejisokota kwa upande wa kupanda na itajirudisha, sauti ishuke. Ukipita na kurudi kwa msukumo mwepesi, unaondoa msokoto huo na pia unalegeza kile kipande cha juu kilichokazwa kupita kiasi. Lakini usirudi mno, maana utakuwa umepachika msokoto wa upande wa pili, na huo ukiachia sauti inapanda. Kiasi gani ni "kidogo" kinategemea pini iliyo mbele yako. Pini yenye momenti kubwa inajisokota zaidi, kwa hiyo inataka kupitishwa zaidi. Ikiwa pini inazunguka kama siagi, msokoto ni mdogo na karibu unaweza kuishia ulipofika, ila hiyo ina matatizo yake mengine.

nyutoni_mdogo

Sasa kwa nini wasiweke gia kama za gitaa? Shida yote hii ya msuguano ingeisha.

Spana_Nyeusi

Walijaribu. Kampuni ya Mason & Hamlin ya Marekani, miaka ya 1880, walitengeneza piano zinazokaza waya kwa skrubu badala ya pini. Hazikuenea. Fikiria vifaa zaidi ya 200, kila kimoja kibebe kilo 78 na zaidi, vipangwe ndani ya nafasi ileile, na kila kimoja kitengenezwe kwa usahihi wa mikroni. Pini na tundu ni rahisi, vinabeba mzigo huo, na vikilegea unaweka pini nene kidogo maisha yanaendelea. Halafu gia nayo ina mchezo wake kati ya meno. Waya unaoteleza kwenye chuma cha kubana ungebaki vilevile.

Mzee_wa_Nyaya

Marahaba kijana, ile salamu yako niliipita. Hapo kwenye kipande cha juu umesema kweli. Mimi huwa nasukuma kichwa cha spana kwa kidole gumba huku navuta mpini, pini ngumu zinatulia. Nayo ina hesabu?

Spana_Nyeusi

Inayo, na ni nzuri. Gumba lako likisukuma kichwa kinyume na mkono unaovuta mpini, linapunguza ule msukumo mtupu unaoipinda pini. Likifika nyutoni 36 kamili limeufuta, inabaki momenti peke yake, kama spana ya T lakini kwa mkono mmoja. Hakuna anayefika 36 kwa gumba huku akivuta kwa vidole, ila hata ukifika 15 umeshaondoa kama theluthi mbili ya senti. Gumba likae chini kwenye kichwa, karibu na pini, lisipande kwenye mpini, maana huko litaanza kupunguza momenti yenyewe.